Trans-Siberian Orchestra kwa wabongo: maswali yaleyale ya kila Desemba

Kila ikikaribia Krismasi kuna klipu inaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Magitaa yanapiga kelele, fidla zinajibu, moto unalipuka jukwaani, theluji ya bandia inadondoka, na tuni ni ya Krismasi unayoijua ila hujawahi kuisikia hivyo. Alafu maswali yanaanza. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mwaka, mepesi yako juu na yenye utata yako chini, na pale nilipoandika "angalia" ujue jibu nimeshaliweka sehemu nyingine, silirudii.

## Ya kuanzia

Hawa Trans-Siberian Orchestra ni kina nani hasa?

Ni bendi ya Marekani, wengi wanaifupisha TSO. Ilianzishwa 1996 na Paul O'Neill, mtunzi na prodyuza wa New York, akiwa na Robert Kinkel, Jon Oliva na Al Pitrelli. Oliva na Pitrelli walitokea Savatage, bendi ya metali (roki nzito) ya kule Florida, kwa hiyo ukisikia gitaa linauma namna ile usishangae, hao watu hawakutokea kwaya ya watoto.

O'Neill hakutaka bendi ya staa mmoja anayesimama mbele na wengine nyuma. Alitaka kundi kubwa lenye waimbaji wa sauti tofauti tofauti, kila mmoja anapewa wimbo kama mhusika kwenye tamthilia, huyu mzee mlevi, huyu malaika, huyu mtoto. Ndo maana ukiuliza "muimbaji wao anaitwa nani" hakuna mtu atakupa jina moja.

Ni Warusi?

Hapana. O'Neill alitembelea Urusi miaka ya 1980, akaipenda picha ya ile reli inayokatiza nchi kali yenye baridi na kuunganisha watu wa kila aina njiani, akachukua jina. Reli yenyewe ni Moscow mpaka Vladivostok, km 9,289. TAZARA yetu, Dar mpaka Kapiri Mposhi, ni km 1,860, kwa hiyo unganisha TAZARA tano ndo unaipata.

Okestra kama Mlimani Park?

Hapana mzee wangu. Dar ukitaja okestra watu wanakumbuka DDC Mlimani Park, Maquis, Safari Sound, yaani magitaa na matarumbeta na watu kusakata dansi mpaka asubuhi. Hawa wana fidla na selo (fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa) upande mmoja, gitaa za umeme na dramu upande mwingine. Kwa hapa kwetu, kama umewahi kukaa mbele ya kundi la taarab asilia la Zanzibar, Ikhwani Safaa la tangu 1905 au Culture la 1958, ukaona mstari wa fidla unavyopanda pamoja, basi nusu ya TSO umeshaielewa. Nusu iliyobaki ni roki ya kutikisa kifua.

Sasa ni konsati au mchezo wa kuigiza?

Vyote, na hapa ndo wengi wanapotea. Shoo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni hadithi nzima kutoka albamu moja: msimulizi anatoka, anasimulia kipande kwa sauti nzito kama shairi, anapisha, wimbo unapigwa, anarudi, hadithi inasonga. Hakuna mazungumzo kama ya Bongo muvi, hakuna mtu anajifanya kulia sakafuni, waimbaji ndo wahusika na wimbo ndo tukio. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivyohivyo kwenye hadithi, anasimulia, anafika mahali sungura anaimba, wote mnaitikia, anaendelea. Tofauti bibi hakuwa na leza.

Sehemu ya pili hadithi imeisha, wanapiga vitu mchanganyiko kutoka albamu nyingine, na moto na taa nyingi zinahamia huku. Jumla inapita saa mbili. Hakuna bendi ya kuwatangulia, O'Neill hakuwa anataka hiyo kitu, ukichelewa umekosa malaika anashuka.

Klipu zote zinazozunguka ni za sehemu ya pili, au zile za moto tu. Mtu anaangalia dakika tatu anasema "sawa, taa nyingi" anafunga. Mi nasema kila mwaka: anza na hadithi. Bila hadithi ni fataki tu.

## Hadithi na nyimbo

Hadithi inahusu nini?

Wanazo kadhaa, ila ya kwanza na iliyobeba jina lao ni ya albamu ya 1996, Christmas Eve and Other Stories. Usiku wa kuamkia Krismasi Mungu anamtuma malaika wake mdogo kuliko wote ashuke duniani, amletee kitu kimoja tu kinachobeba mema yote yaliyofanywa kwa ajili ya siku hiyo. Malaika anazunguka, anapita mjini, anapita kwenye vita, anasikia maombi ya watu. Kati ya hayo kuna ya baba ambaye binti yake aliondoka nyumbani na hajui yuko wapi, anamuomba Mungu amrudishe.

Kipande kinachonimaliza mimi ni cha baa. Usiku huohuo, baa moja kuukuu, wateja ni wale wasio na pa kwenda, hakuna anayetaka kuzungumzia sikukuu. Mtu anaingia anasema nje kuna binti amesimama peke yake kwenye theluji. Muuza baa anachungulia, anaelewa kwamba yule ni mtoto wa watu kakwama hana nauli, anaenda kwenye droo ya mauzo anachota hela zote, anamuitia teksi ya kwenda eapoti. Wimbo wenyewe ni gitaa moja na sauti moja tu, hakuna moto wala moshi. Ukiwa mtu wa Dar unaielewa hiyo moja kwa moja, kila mtu anamjua mtu aliyekwama stendi tarehe 24 hana nauli ya kufika kwao.

Mwisho sisemi.

Hizo nyingine je?

The Christmas Attic ya 1998 ni mtoto wa kike anapanda darini usiku wa Krismasi, anakuta sanduku la barua za zamani. Nyepesi, tamu, sio kali sana. The Lost Christmas Eve ya 2004 ndo nzito kuliko zote: tajiri wa New York ambaye mke wake alifariki akijifungua, mtoto akazaliwa na matatizo, baba akamtelekeza, miaka inapita, malaika anamrudia. Hiyo waliizungusha tena kwenye ziara ya 2024. Hizo mbili na ile ya 1996 ndo wanaita trilojia ya Krismasi.

Kuna na The Ghosts of Christmas Eve ya 1999, hii ni filamu fupi ya televisheni, binti aliyetoroka kwao anajificha kwenye ukumbi wa maigizo uliotelekezwa, mlinzi mzee anamkuta. Mlinzi ni mwigizaji marehemu Ossie Davis, na sauti yake peke yake inatosha kukukalisha chini. Nyimbo ni za albamu za mwanzo zimepangwa upya kwenye hadithi mpya.

Ile tuni ya kwenye klipu inaitwaje?

Asilimia kubwa unaulizia "Christmas Eve/Sarajevo 12/24". Haina maneno, ni ala tu, na historia yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza haikuanza kama ya TSO. Ilitoka 1995 kwenye albamu ya Savatage iliyokuwa inazungumzia vita ya Bosnia. Mji wa Sarajevo ulizingirwa tangu Aprili 1992 mpaka Februari 1996, watu wanapigwa makombora wakiwa kwenye foleni ya mkate. Mei 27, 1992 kombora liliua watu 22 kwenye foleni kama hiyo, na mpiga selo mmoja wa mji ule, Vedran Smailović, akawa anatoka na selo lake kupiga katikati ya vifusi kwa siku 22. O'Neill alisikia habari hizo, ila kwenye simulizi yake mpiga selo amekuwa mzee aliyerudi kuukuta mji wake umebomolewa. Smailović halisi alikuwa na miaka thelathini na kitu. Hadithi ikisafiri inaota mvi, kawaida.

Alichofanya O'Neill ni hiki: okestra ni upande mmoja wa vita, bendi ya roki ni upande wa pili, na lile selo moja linaloanza kimya kabla ya vurugu ni yule mtu mmoja anayekataa. Isikilize tena ukiwa unajua hivyo. Mwanzo selo liko peke yake, alafu pande mbili zinavamia, na tuni ya Krismasi iko katikati yao.

Kichekesho ni kwamba ilipotoka kwa jina la Savatage redio nyingi hazikuigusa, metali hiyo, hapana. Rekodi ileile ikatoka tena kwa jina la Trans-Siberian Orchestra na redio zilezile zikaipiga mpaka leo.

Mbona naijua hiyo tuni na sijawahi kuwasikia hawa?

Kwa sababu wameunganisha mbili za zamani. Moja ni karoli ya Kiingereza ya kale, "God Rest Ye Merry, Gentlemen". Ya pili ni ile ya kengele, "Carol of the Bells", ambayo asili yake ni Ukraine, inaitwa Shchedryk. Mykola Leontovych aliipangia kwaya kutoka wimbo wa kienyeji, ikaimbwa Kyiv 1916, na haikuwa ya Krismasi kabisa, ilikuwa ya mwaka mpya, mbayuwayu anaingia kwenye nyumba kuwaambia wenyeji mwaka utakuwa wa neema. Leontovych aliuawa kwa risasi Januari 1921. Maneno ya Kiingereza ya kengele yaliwekwa 1936 na Peter Wilhousky, Mmarekani. Kwa hiyo wale wanaosema "hawa Warusi wana tuni kali", sio Warusi, na tuni ni ya Ukraine.

Na ile ya nyumba yenye taa zinazocheza?

"Wizards in Winter". Iko kwenye The Lost Christmas Eve. Jamaa mmoja wa Ohio alifunga maelfu ya taa nyumbani kwake 2004 akaziunganisha na kompyuta ziwake kwa mdundo wa wimbo huo, video ikasambaa dunia nzima, 2005 mpaka tangazo la bia likaichukua. Wengi wamewajua TSO kupitia nyumba ya mtu.

Wanaiba nyimbo za watu?

Wanaazima za watu waliokufa zamani, na ni ruhusa. Beethoven alikufa 1827, Tchaikovsky 1893, Pachelbel 1706. Ile "Christmas Canon" yenye sauti za watoto ni tuni ya Pachelbel ileile inayopigwa kwenye harusi zote bibi harusi akiingia. Ila mpangilio wao, maneno yao na hadithi zao vina wenyewe, na hapo kwaya nyingi zinateleza (angalia swali la kwaya kule chini).

Nywele ndefu, moshi, moto. Huu si mziki wa kishetani?

Swali hili linatoka kanisani na silicheki, mtu anaona picha bila sauti anaogopa. Ila sikiliza wanachosema: Mungu anatuma malaika, baba anaomba, mtu asiyejulikana anasaidiwa. Kwenye albamu ya Beethoven shetani yupo kweli, yupo kama adui (nimeielezea mwishoni kabisa). Moshi na leza ni vifaa vya jukwaa tu, viko hata kwenye matamasha ya injili hapa mjini. Kama bado roho inasita, anza na zile za kwaya ya watoto, gitaa utalizoea taratibu.

Mi ni Muislamu, nitapotea?

Hutapotea. Ni hadithi za watu waliopoteana na kutafutana, ibada hamna ndani yake. Nusu ya tunaoangalia nao kwetu ni majirani Waislamu, na mmoja wao ndo anaongoza kubishana na msimulizi.

## Kuiona ukiwa Dar

Wanakuja lini Tanzania?

Ziara yao kubwa ni Novemba na Desemba, na wakati huo wote wako barabarani Amerika ya Kaskazini, mji hadi mji, mara nyingi shoo mbili kwa siku moja. Ulaya wamewahi kwenda, kwa ziara zisizo za Krismasi. Kwa hiyo mtu akikwambia "TSO Dar, tarehe 20 Desemba" jiulize watakuwa wameazima miili ya nani.

Nimeona tangazo la tiketi, unalipia kwa simu. Ni kweli?

Umeshasoma jibu la juu. Tiketi zao halali ziko kwenye tovuti yao na kwa wauzaji wanaotajwa na ukumbi husika. Namba ya simu ya mtu binafsi, picha ya bango yenye herufi zimepinda, na "nafasi zimebaki chache dada yangu", hapo unapigwa. Usitume hata buku.

Basi naangaliaje?

Albamu zote ziko kwenye programu za kusikilizia mziki, na YouTube kwenye chaneli yao rasmi kuna video. The Ghosts of Christmas Eve ilitoka pia kwenye DVD. 2020 wakati wa korona walishindwa kuzunguka wakaonyesha shoo moja kwa njia ya mtandao Desemba 18, ila hiyo ilikuwa mwaka ule.

Ushauri wa bando: shusha ubora wa video mpaka 480, sauti ndo muhimu, na usisikilizie kwa spika ya simu. Selo la mwanzo kwenye ile ya Sarajevo halisikiki kabisa kwenye simu, unasikia kelele imeanza ghafla unadhani ndo mwanzo.

Ndugu yangu ataniunganisha kwa video akiwa ukumbini. Ni saa ngapi huku?

Kwanza, kurusha shoo nzima mara nyingi ukumbi unakataza, mwache akuoneshe kidogo alafu afurahie hela yake. Saa: Desemba New York iko nyuma yetu saa 8. Shoo ya mchana ya saa tisa alasiri kwao ni saa tano usiku Dar. Ya jioni ya saa moja na nusu kwao ni saa tisa na nusu usiku kwetu, kuku wanakaribia kuwika. Akiwa Chicago au Dallas ongeza saa moja. Na umuulize vizuri, akisema "saa tatu" anamaanisha saa tatu ya Kiswahili au ya kizungu, watu wamekeshea kwenye hilo.

Tunataka kukusanyika tuangalie pamoja. Tufanyeje isiwe kituko?

Hili nalipenda. Kwanza tarehe. Baada ya tarehe 20 Dar inaanza kukimbiwa, Wachaga wameshaondoka, stendi ya Magufuli haikanyagiki, waliobaki wako Kariakoo wanagombania nguo za watoto. Fanyeni wikiendi ya kwanza au ya pili ya Desemba. Tarehe 24 yenyewe iacheni, watu wana mkesha.

Weka luku ya kutosha mapema, na pakua kila kitu kabla, sio siku hiyo ndo unatafuta mtandao na watu ishirini wamekaa. Projekta ya kukodi na shuka jeupe inatosha, hela iwekeni kwenye sauti. Sabufa isiwe imefunguliwa besi mpaka mwisho, besi ya singeli inameza fidla zote, punguzeni mpaka msikie nyuzi. Waambieni majirani, au waalikeni kabisa, ndo njia rahisi ya kuzuia malalamiko.

La muhimu kuliko yote: tafuteni msimulizi wenu. Simulizi za TSO ni Kiingereza cha kishairi, kigumu hata kwa waliosoma, na mkiacha hivyo nusu ya chumba wataanza kuchati. Chagueni mtu mwenye sauti na asiye na aibu, asome hadithi kabla, alafu kati ya wimbo na wimbo anasimamisha, anasimulia kwa Kiswahili dakika moja mbili kwa maneno yake, sio kutafsiri neno kwa neno. Mama mmoja mtaani kwetu anaifanya ile ya baa kama habari ya mtu anayemjua pale Ubungo, na ukimya unaoshuka pale hakuna leza inaweza kuuleta.

Chakula pilau, kachumbari, soda. Feni iwepo. Mnaangalia theluji inaanguka huku jasho linawatoka, ndo Krismasi yetu hiyo.

Nataka kitu laivu hapahapa mjini, kipo?

Cha TSO hapana. Ila ibada za nyimbo za Krismasi zipo kila Desemba makanisani, na majengo ya Azania Front na St. Joseph pale mbele ya bandari, yote yalikamilika 1902, sauti ya kwaya inavyorudi humo ndani ni kitu kingine.

## Ukibahatika kwenda kuiona

Dada yangu yuko Marekani anataka kunikatia tiketi. Akate wapi?

Viza kwanza. Masharti yanabadilika, soma tovuti ya ubalozi mwenyewe usisikilize ya kijiweni, na tiketi ikatwe ikishatoka. Siti za mbele kabisa sio lazima ziwe bora: taa na leza zimepangwa kuonekana ukumbi mzima, na majukwaa yao mengine yanapanda juu ya watu katikati ya ukumbi, kwa hiyo aliyekaa kati, juu kidogo, anaona kila kitu. Shoo ya mchana huwa na familia nyingi. Kwenye kila tiketi wanatoa dola moja kwa shirika la misaada la mji huo, ni utaratibu wao wa miaka.

Naona tarehe moja wako miji miwili. Ni utapeli?

Hapana, kweli kabisa. Wana vikosi viwili, cha Mashariki na cha Magharibi, wanamuziki tofauti, malori tofauti, shoo ileile, kwa sababu msimu ni mfupi na miji ni mingi. Al Pitrelli anaongoza kikosi cha Magharibi. Mashabiki wanabishana kipi kikali, mi siingii humo. Na wapiga fidla wengi waliopo nyuma ni wa mji huohuo, wanakodiwa, wanapewa nota, wanapiga usiku huo.

Nivae nini?

Koti. Kweli, koti. Ndani ya ukumbi kuna joto ila kutoka kwenye gari mpaka mlangoni utalia.

Watoto wanafaa?

Wanafaa, ila kelele ni za roki na milipuko ya moto inashtua. Mnunulie mdogo vizuia sauti vya masikioni. Chini ya miaka mitano mi nisingempeleka, hadithi itampita na mlipuko hautampita.

Nina kifafa.

Kuna taa za kumweka kwa kasi muda mrefu, na leza. Zungumza na daktari wako kabla hujatoa hela. Hata kwenye video za nyumbani hivyohivyo, kaa mbali na skrini, washa taa ya chumba, au sikiliza albamu tu, hadithi yote iko humo.

## Za kwaya na za wajanja

Kwaya yetu inaweza kupiga nyimbo zao kwenye tamasha?

Mnaweza kupiga tuni za zamani bila tatizo, hakimiliki ya Tanzania inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Leontovych, Beethoven na wenzao wamepita huko siku nyingi. Mpangilio wa TSO, maneno yao na hadithi zao bado ni mali ya watu, mkiuza viingilio mnatakiwa kuwa na kibali, anzeni kuuliza COSOTA, wale wa hakimiliki. Na tukio lenyewe la burudani lina vibali vyake BASATA, baraza la sanaa.

Ila kwa maoni yangu mnatafuta kazi ngumu bure. Chukueni njia yao, sio nyimbo zao. Chukueni nyimbo tano sita za Krismasi mnazozijua, tungeni hadithi moja ya hapa, binti wa kazi asiye na nauli ya kurudi Singida, mzee anayesubiri simu ya mwanae, wekeni msimulizi, muongezeeni gitaa la umeme. Hapo ni mali yenu na hakuna wa kuwadai.

Wapiga fidla tutawapata wapi?

Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy kinachofundisha fidla na ganuni, na wapiga taarab wenyewe. Watu wa jukwaa na maigizo, chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo kinatoa kila mwaka. Wawili watatu wanatosha, kinanda kinajaza palipobaki.

Tuwashe moto jukwaani?

Ndani ya ukumbi au kanisa, hapana. Mashine ya moshi inatosha, na hiyo pia mwambieni mwenye ukumbi kwanza. Liangalieni jenereta kuliko moto.

O'Neill si alifariki? Nani anaendesha?

Alifariki Aprili 5, 2017, akiwa Tampa, Florida. Mwaka huohuo Julai, mpiga besi wao David Zablidowsky akafariki kwenye ajali ya barabarani akiwa ziarani na bendi nyingine. Wengi walijua imeisha. Familia ya O'Neill na wanamuziki wakaamua waendelee, na Novemba 2017 wakawa barabarani kama kawaida. Maandishi yanayosimuliwa jukwaani bado ni yake.

Savatage na TSO walishawahi kupiga pamoja?

Ndio, kwenye tamasha la Wacken, Ujerumani, 2015, majukwaa mawili makubwa kwa wakati mmoja, Savatage huku TSO kule. Video zipo, tafuta ukiwa na bando la kutosha.

Gitaa nimelipenda ila Krismasi sitaki. Nianzie wapi?

Beethoven's Last Night, 2000. Usiku wa mwisho wa maisha yake, shetani anakuja kudai roho, anampa ofa: roho yako nakuachia, ila mziki wako wote ufutike, asiukumbuke mtu. Kuna na Night Castle ya 2009, albamu mbili kwa pamoja, ndefu, inaanza na mtoto wa kike ufukweni na kukupeleka mpaka vita ya Vietnam, ile inataka uvumilivu na siku nzima ya mvua. Anza na Beethoven.